Limezima, Tushuke

Mama mdogo ndiye aliyesimama wa kwanza. Tulikuwa tumeketi ghorofani, viti vya mbele kabisa, vile ambavyo watoto huvigombania na watu wazima hujifanya hawavitaki. Basi lilikuwa limesimama kituoni, kusini mwa mto Thames. Yeye alikuwa na wiki moja tu tangu atoke Tanga kuja kumwona mjukuu. Ghafla mtetemo uliokuwa chini ya nyayo zetu ukakoma. Kioo kilichokuwa kikigongagonga pembeni yangu kikanyamaza. Mama mdogo akakumbatia mkoba, akajitengeneza mtandio, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulazwa njiani mara nyingi:

"Limezima, mwanangu. Tushuke tuwahi jingine kabla watu hawajajaa."

"Hapana, mama mdogo, kaa tu. Linazima lenyewe."

"Linazima lenyewe?" Akanitazama. "Na kuwaka?"

"Na kuwaka lenyewe."

Hakukaa mpaka basi lilipoondoka, na namna lilivyoondoka ndiyo iliyomkera zaidi. Halikunguruma. Liliteleza kama ngalawa iliyosukumwa kutoka mchangani, kimya, na lilipokwisha kuchanganya mwendo kidogo ndipo injini ikaamka huko nyuma, kama mtu aliyesinzia kazini akasikia bosi anakuja. Mama mdogo akaketi polepole.

"Sisi Tanga tunasingiziwa uchawi," akasema, "na nyinyi huku mnaupanda kwa nauli."

Basi lile lilikuwa la haibridi, yaani lenye injini ya dizeli na mota ya umeme ndani ya tumbo moja. Kwa nje usingelitambua. Lilikuwa jekundu kama mengine, lenye ghorofa mbili kama mengine, isipokuwa majani ya kijani yaliyobandikwa ubavuni ili abiria ajue kwamba leo amepanda kitu kinachohurumia mapafu yake. Na hapo ndipo inapoanza hoja ambayo rafiki zangu wapenzi wa mabasi (wapo, na ni wengi kuliko unavyodhani) wamenichoka nayo: basi la maana kuliko yote katika London ya miaka hii si lile lililopigwa picha sana. Ni hili la majani ya kubandika, ambalo watalii hawakuligeuzia kamera, na maana yake kubwa ni kwamba lilitoka kiwandani likiwa na pacha wake wa dizeli.

Linaitwa Enviro400. Habari zake zinaanzia kwenye kufilisika. Mwaka 2004 kampuni ya Mayflower, iliyokuwa ikimiliki viwanda vya mabasi vya TransBus, ilianguka kwa madeni. Ndani ya viwanda hivyo mlikuwa na majina mawili ya zamani: Alexander, mafundi wa bodi wa Falkirk kule Scotland, na Dennis, watengenezaji wa chesisi wa Guildford. Kwa msomaji wa kwetu mgawanyo huu wa kazi hauhitaji maelezo marefu. Ndio uleule wa mafundi wa Nairobi na Mombasa wanaopokea chesisi ya Isuzu ikiwa mifupa mitupu, usukani ukiwa umesimama peke yake juani, kisha wanaivalisha bodi ya matatu. Matajiri kadhaa wa Scotland, wakiwemo ndugu wawili Brian Souter na Ann Gloag walioanzisha kampuni ya usafiri ya Stagecoach, wakachanga fedha na kuviokoa viwanda hivyo, ikazaliwa Alexander Dennis. Mwaka uliofuata, 2005, ikatoa basi jipya la ghorofa. Lilikuwa la dizeli, injini ya Cummins ya silinda 6 nyuma, giaboksi ya otomatiki, milango miwili kwa London na mmoja kwa miji mingine. Hakuna gazeti lililoandika shairi juu yake.

Miaka mitatu hivi baadaye wakalitoa tena. Bodi ileile, viti vilevile, kioo cha mbele kilekile, lakini nyuma mlikuwa na injini ndogo zaidi, ya silinda 4, na giaboksi hakuna kabisa. Badala yake waliweka mfumo wa umeme wa kampuni ya BAE Systems, ambao ulikuwa tayari ukiendesha mabasi ya jiji la New York.

Namna unavyofanya kazi inafurahisha, kwa hiyo nivumilie kidogo. Katika basi la kawaida injini inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha propela, propela inazungusha magurudumu. Katika hili, injini haigusi magurudumu hata mara moja. Kazi yake ni kuzungusha jenereta. Umeme wa jenereta unakwenda kwenye mota inayosukuma basi, na unaobaki unaingia kwenye betri. Basi likiondoka kituoni linaondoka kwa umeme uliowekwa akiba. Likishika kasi, injini inaitika. Kiswahili sanifu kingetaka tuseme basi mseto, na ningekubali mara moja kama mseto usingekuwa pia chakula, mchele na choroko vikipikwa chungu kimoja hadi vikashikana. Mseto wa namna hiyo ni ule wa Volvo, washindani wao, ambao injini na mota zote mbili zinashika kazi ya kusukuma magurudumu: linaanza kwa umeme, likifika mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa dizeli inapokea. Katika basi la Alexander Dennis injini ni mpishi wa jikoni. Haonekani sebuleni, ila asipokuwepo hamli.

Lakini utamu wenyewe hauko kwenye kuondoka. Uko kwenye kusimama.

Aliyeshuka mlima Kitonga, upande wa Iringa, akiwa nyuma ya lori lenye shehena anaijua ile harufu ya breki zinazoungua. Ukiitafakari, harufu ile ni dizeli. Ilinunuliwa kwa fedha ya mwenye gari, ikapandisha mzigo mlimani, na sasa kila lita iliyotumika kupanda inageuka joto kwenye breki na kupeperuka juu ya mibuyu ya bondeni. Dereva analipa kupanda, kisha anaharibu breki kuitupa ile ile aliyoilipia. Ndiyo sababu madereva wetu wengine huweka fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, ujinga ambao umezika watu; ila hesabu iliyo nyuma yake si ya kijinga. Wanajua kuna kitu kinapotea pale.

Mji kama London hauna Kitonga, lakini una vituo. Basi la ghorofa lenye ekseli mbili huko wakati ule liliruhusiwa uzito wa hadi tani 18 likiwa na abiria wake. Lisukume tani hizo hadi kilomita 40 kwa saa, kisha lisimamishe baada ya mita 300 kwa sababu bibi mmoja amebonyeza kengele. Halafu tena. Halafu taa nyekundu. Halafu baiskeli. Kila kusimama ni kitonga kidogo. Katika basi la haibridi dereva akikanyaga breki ile mota inageuza kazi: magurudumu ndiyo yanayoizungusha, nayo inakuwa jenereta, inalizuia basi na wakati huohuo inarudisha umeme kwenye betri. Wengine walijaribu hata bila betri. Mwaka 2014 kampuni ya uhandisi ya GKN ilikuwa ikiuza mfumo uliotokana na magari ya mashindano ya Formula 1, wenye gurudumu zito linalozunguka kama pia. Basi likipunguza mwendo pia inapewa kasi, basi likiondoka pia inairudisha. Mtoto yeyote aliyewahi kuchapa pia uwanjani angeuelewa mara moja.

Kwa hiyo basi hili, ukilitazama vizuri, linachuma kwa kusimama. Liweke kwenye foleni ya Oxford Street, linapata riziki. Liweke kwenye barabara kuu likimbie kilomita 60 bila kituo, limebeba betri na mota za bure kama mpagazi aliyebebeshwa gunia tupu.

Basi la namna hii si jambo la karne hii. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Thomas Tilling ya London ilikuwa na tatizo la madereva. Wengi walitoka kwenye mabasi ya farasi. Farasi waliwajua; gia za wakati ule, ambazo ukikosea zilisaga meno hadi mtaa wa pili, zikawashinda. Mwaka 1911 Tilling na washirika wake wakaingiza barabarani basi la ghorofa ambalo injini yake ya petroli ilizungusha dinamo, na dinamo ikalisha mota ya umeme. Hakuna gia wala klachi. Mtindo uleule wa basi alilopanda mama mdogo, karibu miaka 100 kabla, isipokuwa halikuwa na betri ya kuweka akiba, basi kila lilichopata kwenye mteremko kilikwenda na upepo. Mabasi hayo ya Tilling-Stevens yalitengenezwa Maidstone, yakapendwa, kisha gia zikaboreshwa na watu wakayasahau.

Na London ilikuwa na umeme mwingine. Ilikuwa na trolibasi, mabasi ya ghorofa yaliyovuta umeme kwenye nyaya za juu. La mwisho lilirudi gereji tarehe 8 Mei 1962. Kilichochukua nafasi yake ni Routemaster ya dizeli, lile basi la nyuma wazi ambalo lipo kwenye kila kikombe na kila sumaku ya friji inayouzwa Heathrow. Watu waliolia machozi Routemaster lilipostaafishwa Desemba 2005 wachache walikumbuka kwamba lilizaliwa ili kuzika basi la umeme.

Lakini sitaki kulisema vibaya. Routemaster lilikuwa basi la wahandisi. Liliundwa kwa aluminiamu kwa maarifa ya watu waliokuwa wametengeneza ndege za vita, likawa na urefu wa mita 8.4 tu, uzito wa tani 7.5 hivi, na viti 64. Ishike hiyo namba, 64, nitairudia.

Sasa nije kwenye pacha. Nini faida ya kutengeneza basi moja kwa namna mbili? Wauzaji watakuambia ni kumpa mteja uchaguzi. Mimi naona faida kubwa zaidi ni kwamba pacha wanasutana. Chukua Enviro400 mbili, moja ya dizeli na moja ya haibridi, ziweke njia moja, madereva walewale, abiria walewale, mvua ileile. Mwisho wa mwezi pima mafuta. Tofauti yoyote utakayoiona haiwezi kusingiziwa bodi, wala viti, wala madirisha. Kiwanda hakina pa kujificha. Waliouza haibridi walisema inapunguza mafuta kwa karibu asilimia 30, na ilikuwa rahisi kwa mwenye kampuni ya mabasi kusema: sawa, hiyo hapo dizeli yake, tulinganishe. Kuna njia ambazo hesabu ilikubali, kuna ambazo ilikataa.

Bei ilikuwa kikwazo. Haibridi ilizidi dizeli kwa kiasi kilichokaribia pauni 100,000 kwa basi moja, na hakuna mfanyabiashara wa usafiri duniani, awe wa Glasgow au wa Manzese, anayetoa fedha kama hizo kwa sababu ya majani ya kubandika. Serikali ya Uingereza ikaanzisha mfuko maalumu mwaka 2009, ukianza na pauni milioni 30, kufidia tofauti. Hapo tena upacha ulisaidia: tofauti yenyewe ilionekana, senti kwa senti. Huwezi kufidia pengo usilolijua upana wake.

Na kuna suala la gereji, ambalo waandishi wa sera hawaligusi kwa sababu mikono yao haijawahi kunusa grisi. Fundi anayejua mlango wa Enviro400 unavyogoma wakati wa baridi anajua mlango wa pacha wake. Kioo kikivunjika, kipo stoo. Kiti kikichanika, kipo. Anachotakiwa kujifunza upya ni kile kilichobadilika tu, yaani betri, mota na zile nyaya nene za rangi ya chungwa ambazo ukizishika vibaya hurudi nyumbani. Bodi hiyohiyo iliwekwa hata juu ya chesisi za Volvo na Scania.

Tuliache hilo kwanza, twende kwenye basi lililopigwa picha.

Mwaka 2008 Boris Johnson aligombea umeya wa London akiahidi mambo mawili kuhusu mabasi: kuondoa mabasi marefu yenye kiungo katikati, na kuleta Routemaster mpya. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tukipanda Ikarus za UDA, zile kumbakumba, tulisikiliza kampeni hiyo kwa mshangao. Kumbakumba zilituchukua sote, na vikapu vyetu, na kuku. Huku Wazungu wakawa wanaziita adui wa mji. Johnson akashinda, na Desemba 2011 kumbakumba ya mwisho ikaondoka London. Leo Dar zinapita za mwendokasi na watu wanazigombania. Kila mji na macho yake.

Routemaster mpya ilichorwa na Thomas Heatherwick, mbunifu mwenye jina, na kujengwa na Wrightbus wa Ballymena, Ireland ya Kaskazini. Ilianza kubeba abiria tarehe 27 Februari 2012, njia namba 38. Nakiri ilikuwa nzuri. Kioo kimoja kirefu kinapanda na ngazi kutoka chini hadi ghorofani, kona zimeviringwa kama sabuni iliyotumika. Ilikuwa haibridi tangu kuzaliwa, injini ndogo ya Cummins ikichaji betri, mota ikisukuma, mtindo uleule wa Enviro400. Mabasi manane ya mwanzo pamoja na kazi ya kuyabuni yaligharimu zaidi ya pauni milioni 11. Hatimaye yakajengwa 1,000, kila moja kwa zaidi ya pauni 300,000.

Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba lilizaliwa bila ndugu. Halikuwa na toleo la dizeli la kulisuta. Lilikuwa na milango mitatu, ngazi mbili, kibaraza cha nyuma na kondakta wa kukilinda, vyote vimebebwa na mfumo wa haibridi. Basi likila mafuta kuliko ilivyosemwa, kosa ni la nini? La betri? La uzito? La mlango wa tatu? Kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyeweza kulithibitisha. Na namba niliyosema nitairudia: basi hili lilikuwa na urefu wa mita 11.2, karibu mita tatu zaidi ya Routemaster ya baba zao, na viti vyake vilikuwa 62. Umerefusha nyumba, ukapunguza vitanda.

Yaliyofuata yanajulikana. Madirisha hayakufunguka. Kiyoyozi kilitakiwa kutosha, hakikutosha, na ghorofani wakati wa kiangazi abiria walikaa kama mikate kwenye tanuri. Mwaka 2015 ikaamuliwa yawekwe madirisha ya kufungua, kwa gharama ya pauni milioni 2 hivi. Mwaka huohuo ikafahamika kwamba makumi ya mabasi hayo yalikuwa yakitembea betri zake zikiwa zimekufa, injini ikichemka mfululizo, yaani haibridi kwa jina na dizeli kwa moshi. Mwaka 2016 makondakta wa kibarazani wakaondolewa wote, kibaraza kikafungwa mlango, na sababu ya kuwa na kibaraza ikaondoka nao. Meya mpya, Sadiq Khan, akasitisha ununuzi. Mgema alisifiwa kabla hajapanda mnazi.

Kuna jambo jingine lililonigusa kama mtu wa nchi za mitumba. Kwa kawaida mabasi ya London hununuliwa na kampuni binafsi zinazoendesha njia, na yakizeeka huuzwa mikoani: basi lililoanza maisha Brixton linamalizia Yorkshire likibeba wanafunzi. Routemaster mpya ilibidi mamlaka ya usafiri ya jiji iyanunue yenyewe. Ni kampuni gani ingelinunua basi lenye ngazi mbili na milango mitatu ambalo hakuna mji mwingine unaolitaka? Yalipelekwa hata Hong Kong kuonyeshwa. Watu wakapiga picha, wakarudi kazini. Ukitaka kujua thamani ya chombo chochote, usiulize bei yake kikiwa kipya. Kila mwenye duka Kariakoo anajua hilo.

Kwa kuwa nimeitaja Hong Kong, niseme yaliyowapata kuhusu haibridi yenyewe, maana nisije nikaonekana muuzaji wa Falkirk. Hong Kong ndio mji wa mabasi ya ghorofa kuliko London. Wana milima, wana joto, wana umati. Mwaka 2014 serikali yao ililipia mabasi sita ya haibridi ya ghorofa kwa majaribio. Hayakuokoa mafuta ya maana. Kiyoyozi cha basi la ghorofa katika kiangazi cha Hong Kong kinataka nguvu kila sekunde, basi likitembea au likisimama, kwa hiyo injini haikupata nafasi ya kuzima na kupumzika kituoni. Kilichochumwa kwenye breki kikaliwa na ubaridi. Mtu wa Dar au Mombasa anayesoma orodha za wauzaji wa Ulaya aisome habari hii mara mbili.

Na pacha wa dizeli naye hakulala. Kuanzia 2014 viwango vya Ulaya vya Euro 6 vilimlazimisha asafishe moshi wake kwa vichujio na ule mchanganyiko wa urea ambao madereva wa malori wanauita AdBlue. Akawa msafi kuliko babu zake kwa kiasi ambacho watu wa mazingira hawakukitarajia. Wrightbus haohao, kwenye basi lao la StreetDeck la mwaka huohuo, wakaweka injini ndogo ya silinda 4 ya Daimler, bodi nyepesi na ujanja mdogo wa kuokoa nguvu, na likaanza kuikaribia haibridi kamili bila mzigo wa betri. Hilo halikunishangaza. Ukiweka ndugu wawili kwenye meza moja ya chakula, kila mmoja hula haraka.

Kwa nini basi hangaiko lote hili? Kwa sababu ya hewa. Mwaka 2013 msichana wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi, Lewisham, alifariki kwa pumu, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba hewa chafu ilichangia. Barabara ya maduka ya Putney, nyembamba, nyumba ndefu pande zote, ilikuwa maarufu kwa hewa mbaya hadi Machi 2017 ikawa ya kwanza London kutengwa kwa mabasi safi tu, haibridi na dizeli ya Euro 6. Yaliyochaguliwa kwenda pale ni yale yasiyo na picha kwenye vikombe.

Kwenye njia namba 69, Canning Town hadi Walthamstow, walijaribu pia Enviro400 za haibridi tatu ambazo zilichajiwa vituoni bila waya, kwa sahani iliyozikwa chini ya lami. Basi linasimama juu yake kama kuku anayeatamia. Mwaka 2016 mabasi ya ghorofa ya umeme mtupu ya BYD yakaingia njia namba 98. Januari 2021 Aberdeen ikaanza na ya haidrojeni. Mwaka 2019 Enviro400 yenyewe ikapata mdogo wake wa umeme mtupu, juu ya chesisi ya BYD, na bodi ambayo ukiitazama vizuri unaona pua ya familia. Haibridi imeanza kuonekana kama kaka wa katikati, ambaye kwenye picha ya arusi husimama pembeni. Hata hivyo mafundi walioishika mota ya umeme kwa mara ya kwanza waliishika kwenye basi lake, na hawakulazimika kujifunza basi zima upya.

Kwetu mabasi ya umeme yameanza kuja. Nairobi yapo tangu 2022. Wauzaji wana picha nzuri, na nina hakika wataleta na za ghorofa. Ningependa kusikia mkurugenzi mmoja tu akiwauliza: njia ya Gongo la Mboto ina vituo vingapi, kiyoyozi kinakula kiasi gani saa saba mchana mwezi wa pili, na lile la dizeli la bodi hii hii liko wapi tulifungulie mafuta sawa.

Mama mdogo alirudi Tanga mwezi wa nne. Juzi alinipigia simu, na baada ya shikamoo na kuulizia afya ya mjukuu akaniambia nimemponza.

"Nilipanda daladala ya Pongwe," akasema. "Njiani ikazima. Watu wote wakashuka. Mimi nikabaki nimekaa na mkoba wangu. Konda akaja, 'Bi mkubwa, hushuki?' Nikamwambia, 'Subiri kidogo, mwanangu. Linawaka lenyewe.'"